Tupeane uzoefu: Wakristo wenye magonjwa ya kudumu, mawazo ya usiku mnayakabilije?

Binti Ubungo
Wapendwa, habari za usiku. Nina miaka 34 na nina selimundu, siko seli kama wengi tunavyoita. Nikiwa mdogo nilimsikia jirani akimwambia mama kwamba watoto wa aina yangu hawafiki kumi na nane. Sijui kama alijua nasikia.

Maumivu nimeyazoea. Yakija najua la kufanya: maji, kujifunika, vidonge, yakizidi hospitali. Kinachonimaliza ni saa nane usiku, mwili ukiwa hauumi popote. Nalala nasikilizia goti. Ndiyo linaanza? Wiki hii nikilazwa, mtoto atapelekwa shule na nani? Kazini watanivumilia mpaka lini?

Nilichoshika ni Mathayo 6:34, ila siyo pale panapohubiriwa sana. Wengi wanaishia kwenye "msisumbukie ya kesho". Mimi niliguswa na mwisho wake: "Yatosha kwa siku maovu yake." Kumbe Yesu mwenyewe anakubali kwamba siku ina maovu yake! Basi usiku namhesabia ya leo tu. Bwana, kidonge cha foliki nimekunywa, maji nimekunywa, goti limetulia, ya leo yametosha. Halafu nageukia ukutani. Kuna siku inagoma kabisa. Juzi nilikaa macho mpaka adhana ya alfajiri.

Nyie wenzangu mnafanyaje? Naomba uzoefu, mahubiri tutayapata Jumapili.

Mzee wa Pumu
Naweka kambi hapa.

Mtungi wa Bibi
Dada, pole. Mimi ni kisukari cha sindano tangu kidato cha pili, 2006. Kijijini hatukuwa na umeme, insulini bibi aliifunga kwenye mfuko wa nailoni akaiweka ndani ya mtungi, mtungi ukakaa kwenye mchanga wenye unyevu. Kila asubuhi anaumwagia maji kama mche.

Kilichonivuruga hakikuwa sukari. Tulikuwa kwenye mfungo wa siku tatu, nikaambiwa anayejichoma sindano hajaamini bado. Nikaacha. Siku ya pili jioni nikapoteza fahamu, nikaamkia kwenye dripu. Baada ya hapo karibu mwaka mzima sikuomba. Nilijiona mtu ambaye imani yake imepimwa ikakutwa pungufu.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa kanisa. Hakunifariji kwa maneno mengi, alinifungulia 2 Timotheo 4:20: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Akaniuliza, unajua "hawezi" kwa Kiswahili cha zamani ni nini? Ni mgonjwa. Huyu ni Paulo, ambaye leso zake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona! Kamwacha mwenzake wa safari anaumwa, na hakuandika popote kwamba Trofimo alikosa imani. Nililia pale pale kwenye benchi.

Siku hizi nashukuru kabla ya sindano kama ninavyoshukuru kabla ya ugali. Usingizi ulirudi taratibu.

Kiti cha Dirishani
Mimi ni figo, nasafishwa damu kwa mashine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Kiti cha pili alikaa mama mmoja Mlutheri, mimi Mkatoliki. Tulikuwa tunaimba tenzi kwa sauti ya chini ili mashine zisituzidi, yeye sauti ya pili. Ijumaa moja nikakuta kiti kitupu. Nisiwadanganye, siku ile sikupata amani yoyote, na Zaburi sikuifungua.

Iliyonibeba ni jumuiya. Walikuja nyumbani wakasali wao, mimi nimenyamaza tu. Nilikuwa sijajua kwamba mtu anaweza kuombewa akiwa amechoka hata kusema amina. Ila jamani, mkienda kumwona mgonjwa wa figo ulizeni kwanza. Wangu walileta ndizi na machungwa, vyote nimekatazwa. Watoto walifaidi.

Mkweli Daima
Mnajifariji tu. Amani ni bima ya afya.

Binti Ubungo
Mkuu, bima ninayo. Saa nane usiku haipokei simu.

Nesi Mstaafu
Niongeze kidogo. Moyo ukienda mbio kila usiku kwa wiki kadhaa, mwambieni na daktari. Mimi nilikuwa na shinikizo la damu, nikadhani ni shetani wa hofu, kumbe na hofu yenyewe ilihitaji matibabu. Nilikwenda kwa mtaalamu wa afya ya akili, na ibada ya asubuhi sikuiacha.

Binti Ubungo
Saa nane na robo, nawasoma. Goti limeanza kidogo, nimekunywa maji na nimemwamsha mume wangu achemshe mengine. Mtungi wa Bibi, huyo Trofimo sikuwahi kumwona, na Biblia nasoma tangu utotoni. Kukikucha nampigia mama nimsomee.