Gereji mbili za Malindi, tapeti ambazo injini haina, na mlio ule ule

Naandika nikiwa na hasira, na risiti ninazo mkononi. Gari langu ni Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998, injini ya 5A-FE, ile ya mkanda wa taimingi na distributa, kifaa cha kugawia plagi cheche. Kila asubuhi nikiliwasha hapa Shella lililia tik-tik-tik upande wa rejeta, na nikikaribia Ganda mlio umekwisha. Ugonjwa ulikuwa huo tu. Nguvu lilikuwa nazo, mafuta halikula, na taa ya injini haikuwaka hata siku moja.

Gereji ya kwanza nilifika saa tano mchana, injini ikiwa ya moto na mlio haupo. Fundi alifungua boneti, akatega sikio kwa muda usiotosha hata kunywa kahawa, akaniambia, "Mwalimu, hizi ni tapeti za haidroliki, zimekufa zote." Tapeti ni vikombe vya chuma vinavyosukuma valvu, kimoja kwa kila valvu. Nikalipa shilingi 8,500 zibadilishwe, pamoja na oili nzito aliyosema itasaidia kuzituliza. Mlio ulipungua siku mbili, kisha ukarudi kama ulivyokuwa.

Nikaenda ya pili. Huko nikaambiwa kwamba mkanda umelegea ndiyo maana injini inatikatika, na kwa kuwa sikuwa na kumbukumbu ya lini ulibadilishwa mara ya mwisho, nikakubali ubadilishwe kwa shilingi 11,000. Siku ile ile gari likawa gari jingine, kwa ubaya. Likawa linatetemeka likisimama, na nilipopeleka wageni Marafa, kila mwinuko ulinilazimu kurudi gia ya pili. Nilipolirudisha, kijana alilegeza bolti ya distributa, akaizungusha huku injini inanguruma mpaka ikatulia, akafunga, akaniambia, "Sasa iko sawa, mwalimu." Haikuwa sawa, na mlio wa asubuhi ulikuwa pale pale.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa Muyeye aliyekwisha kustaafu ufundi. Jambo la kwanza alilonitaka ni kuliacha gari lilale kwake. "Mwanangu, mlio wa baridi hauukagui injini ikiwa moto." Asubuhi yake akaliwasha mbele yangu, na kabla ya kushika spana akanieleza jambo ambalo gereji mbili hazikunieleza. Kamshafti, shafti inayofungua valvu, huzunguka mara moja kila krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo injini ikitulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 400, yaani karibu mara saba kwa sekunde. Moshi unaovuja kwenye silinda moja nao hutoka mara hizo hizo, kwa mwendo ule ule, na ndiyo maana anayesikiliza kwa sikio tupu husema "valvu" na kuanza kuuza vitu.

Kisha akavaa glavu nene, akachomoa waya za plagi moja moja. Alipofika silinda ya tatu, injini ilichechemea na mlio ukafifia. Mlio wa valvu haubadiliki kwa kuizima plagi, kwa sababu kamshafti bado inaisukuma valvu vile vile. Unaofifia ni mlio unaotokana na mlipuko wa ndani ya silinda, ama beringi ya chini ama ekzosi inayovuja. Beringi aliiondoa shakani upesi, kwa kuwa hugonga kwa sauti nzito na haiponi injini ikipata moto. Akafungua bati la kukinga joto, nami nikaona kwa macho yangu: kwenye kiungo cha manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa silinda, chini ya tundu la tatu, palikuwa na mstari wa masizi meusi wenye urefu wa kidole, na nati mbili zimeliwa na kutu mpaka moja ikapukutika alipoigusa. Hewa ya chumvi ya huku kwetu haina huruma na chuma cha ekzosi. Injini ikiwa baridi moshi hupenya pale na kupiga tik. Chuma kikipata moto hutanuka na upenyo hujiziba. Gasketi mpya, nati mbili na ufundi: shilingi 3,200. Asubuhi iliyofuata gari lilikuwa kimya.

Sasa sikilizeni kuhusu hizo tapeti. Injini ya 5A-FE haina tapeti za haidroliki. Ina vikombe vyenye shimu, visahani vya chuma vinavyochaguliwa kwa unene, na nafasi ya valvu za kuingiza hewa ikiwa baridi ni milimita 0.15 hadi 0.25, hupimwa kwa fila geji. Mzee akanionyesha nati za mfuniko wa valvu, ambao huwezi kuzifikia tapeti bila kuufungua: vumbi jekundu lililogandamana na oili ya miaka mingi lilikuwa limezizunguka bila mkwaruzo wa spana. Mfuniko haukufunguliwa. Nililipia hewa.

Na mkanda? Mkanda uliolegea haupigi tik, hupiga makofi kwenye kifuniko chake. Mzee aliunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwenye kisanduku cha ukaguzi, akamulika puli ya krenki kwa taa ya taimingi, inayoonyesha wakati wa cheche, na alama ikasoma digrii 10 kama inavyotakiwa. Lakini distributa ilikuwa imesukumwa mpaka mwisho kabisa wa nafasi yake, na hapo ndipo aliposhuku. Alipofungua kifuniko cha mkanda, krenki ikiwa kwenye sifuri, kamshafti ilikuwa imepotea jino moja la mkanda. Distributa huzungushwa na kamshafti, hivyo cheche nazo zilikuwa zimepotea. Yule kijana alizirudisha cheche mahali pake akaziacha valvu zikifunguka wakati usio wao. Ni bahati yangu kwamba katika injini hii valvu na pistoni hazikutani hata mkanda ukikatika. Ingekuwa injini ya aina nyingine, na kosa likawa la meno mengi zaidi, ningekuwa natafuta silinda hedi. Baada ya kufunga mkanda upya, mzee aliizungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili na kuzitazama alama tena. Kazi hiyo haikumchukua hata dakika tano, na gereji iliyonitoza 11,000 haikuifanya.

Huku si kukagua gari, ni kupiga ramli, na ramli yenyewe nimeilipia shilingi 19,500.

Jumatatu nilirudi gereji ya kwanza. Sikuanza kwa kudai fedha. Niliomba nipewe tapeti zangu za zamani. Nikajibiwa kwamba ziliuzwa pamoja na chuma chakavu. Nikauliza zilikuwa ngapi. Fundi akasema nane. Injini ina valvu kumi na sita.