Tupeane uzoefu: kipande, kompaundi na akina baba wa Afrika Kusini

Wakuu, salamu. Uzi huu ni wa wanaofuatilia familia zilizotenganishwa na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Tuelezane mambo yalivyokuwa, maana inauma kusikia "wanaume wa kule hawatunzi watoto" na mazungumzo yakaishia hapo.

*Mchangiaji wa 1*
Sheria ya Ardhi ya 1913 iliwaachia Waafrika takriban asilimia 7 ya ardhi. Shamba halitoshi, kodi inadaiwa taslimu, baba anashika njia ya mgodini. Tangu 1952, kifungu cha 10 cha sheria ya Waafrika mijini kilikataza Mwafrika kukaa mjini zaidi ya saa 72 bila kibali kwenye kipande, yaani pasi aliyolazimika kutembea nayo. Ili apate haki ya kudumu, awe amezaliwa hapo na hajawahi kuhama, au ametumikia mwajiri mmoja miaka 10 mfululizo, au waajiri kadhaa miaka 15. Mtego ulikuwa kwenye neno "mfululizo". Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Ukiisha anarudi kijijini kuandikishwa upya, na maofisa wakahesabu kwamba safari hiyo imekata mfululizo. Miaka 12 kazini, kwenye karatasi yuko mwaka wa kwanza, na mkewe haruhusiwi kumfuata! Mahakama ya Rufaa ilikataa hesabu hiyo 1983, kesi ya mfanyakazi aitwaye Rikhoto. Kipande kikafutwa 1986, watoto wa wakati ule wakiwa wameshakuwa watu wazima.

*Mchangiaji wa 2*
Naongezea, mkuu. Migodini nyumba za familia hazikuruhusiwa kuzidi asilimia 3 ya wafanyakazi Waafrika. Wengine wote ni kompaundi, yaani mabweni ya mgodi: wanaume watupu, vitanda vya zege vilivyopandana. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amemwona baba mara nne hivi, akishuka na sanduku na blanketi.

Leo ni takriban theluthi moja tu ya watoto Weusi wanaoishi na baba mzazi. Kwa Wazungu ni kama wanane kati ya kumi. Msisahau inhlawulo, fidia ya kumpa binti mimba. Kijana asiye na ajira akishindwa kuilipa, mara nyingi ukoo wa binti humzuia asimwone mtoto wake. Anayeshughulikia kesi hizi aanze na wazee wa pande zote mbili, waombe ilipwe kidogo kidogo.

*Mchangiaji wa 3*
Kuhusu vumbi la mapafu: Mfuko wa Tshiamiso, unaowalipa fidia wachimbaji waliougua, unatokana na suluhu ya kesi yao na kampuni za migodi, iliyoidhinishwa na mahakama Julai 2019. Unawahusu waliofanya kazi migodi ya dhahabu iliyotajwa kwenye suluhu, kati ya 12 Machi 1965 na 10 Desemba 2019, wakapata silikosisi (ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la mawe) au TB. Mchimbaji akiwa amefariki, wategemezi wake wanaweza kudai. Andaeni kitambulisho, rekodi ya ajira, cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu. Madai mengi hukwama kwenye jina, kwa kuwa makarani waliandika walivyosikia. Tafuteni kwa namba ya uandikishaji.

Ndugu wa Mbeya na Rungwe wenye babu waliokwenda na Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi ya Afrika Kusini: uandikishaji Tanganyika ulikoma mwanzoni mwa miaka ya 1960. Babu aliyerudi kabla ya 12 Machi 1965 hahusiki, hata kama kifua kilimuua. Kagueni tarehe kwanza kabla ya kuchanga nauli.