Ploti ya mteremko Nguu Tatu: tuisawazishe au tuifuate ardhi?

Mama Nguu Tatu:
Assalam aleikum. Tumepata ploti Nguu Tatu, hapa Mombasa. Barabara iko juu, ardhi yashuka mashariki, upande wa bahari, na yashuka kwelikweli: ukisimama chini huioni barabara. Fundi yuasema tulete tingatinga, tukate juu tujaze chini, tupate uwanja wa sawa. Bwanangu amekubali, mimi moyo wakataa. Nataka nyumba ya kisasa yenye madirisha makubwa, lakini mamangu yuaishi nasi na magoti yamsumbua, ngazi haziwezi. Waliojenga mahali kama hapa, mulifanyaje?

Fundi wa Jomvu:
Waaleikum salaam dada. Tafadhali usiweke nyumba juu ya udongo wa kujaza. Udongo huo utaendelea kushuka hata baada ya nyinyi kuhamia, na ile nusu iliyo juu ya ardhi asilia haitashuka nao. Ufa utatokea pale nusu hizo mbili zinapokutana. Kujaza kukiwa hakuna budi, udongo hushindiliwa tabaka kwa tabaka, kila moja sentimita 15 hadi 20, na nguzo lazima zifike ardhi ngumu.

Mteremko wako wamfaa mama. Ingilieni nyumba kwa juu! Sebule, jiko na chumba chake viwe usawa wa barabara, vyumba vya watoto viwe chini yake. Mama hatakanyaga ngazi. Nyuma ya vyumba vya chini acheni ujia wa kama mita moja kabla ya ukuta wa kuzuia udongo, kwani chumba kilichoegemea udongo hakiishi unyevu, rangi yabambuka kila masika. Ukuta wenyewe uwekewe kokoto nyuma na vitundu vya kutolea maji. Kuta nyingi huangushwa na maji yaliyokwama nyuma yake. Vyuma vyake avihesabu mhandisi, fundi asikisie.

Binti Kizingo:
Shoga, mashariki ni bahati. Kusi yavuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, zote zitakuingilia upande huo huo wa wazi. Madirisha makubwa weka huko, na upande wa magharibi acha matundu ya juu hewa ipite, jua la alasiri lisiingie. Ila kusi huja na mvua ya Aprili na Mei, basi paa litokeze vizuri nje ya ukuta. Na baraza iwe pale juu mlangoni, wageni wa bwana wakae bila kupita ndani.

Mama Nguu Tatu:
Allah awajaze kheri. Nimemsomea bwanangu, sasa auliza gari litakaa wapi, na choo je?

Fundi wa Jomvu:
Gari libaki juu kando ya barabara, njia ya kulishusha itakula ploti yote. Shimo la choo liwe chini kabisa, maji yaende yenyewe, lakini angalieni kwanza jirani wa chini kama ana kisima.