Bastola nyumbani: unaivaa kiunoni au unaifungia?

babaT_njiro

Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu. Nina bastola, leseni ninayo kihalali kabisa, nilianzia serikali ya mtaa nikapanda ngazi zote mpaka ikatoka. Niliiomba kwa ajili ya biashara maana nauza vifaa vya ujenzi hapa Arusha na jioni natembea na hela ya mauzo. Ila shida yangu sio njiani, ni nyumbani.

Mwezi uliopita jirani yangu nyumba ya tatu walimvamia saa mbili usiku, sio usiku wa manane, saa mbili, amefunguliwa geti anaingiza gari nao wakaingia nyuma yake. Wakawakalisha chini sebuleni yeye na familia yake. Silaha alikuwa nayo, ipo kwenye sefu chumbani, haikumsaidia kitu. Tangu siku hiyo mimi nikifika home sivui. Nakula nayo, taarifa ya habari nayo, hadi bafuni naingia nayo.

Sasa juzi binti yangu wa miaka minne kaja mbio kunikumbatia kama kawaida yake, mkono ukashika kitako cha bastola juu ya shati, akauliza "baba hii ngumu ni nini?" Nikakosa jibu. Mama yake alikuwa anapakua chakula, akaacha mwiko kwenye sufuria akaniangalia tu hakusema neno. Niendelee kuivaa au niirudishe kwenye sefu?

Meku_Kibosho

Usivue mkuu. Jirani yako kashakujibu, silaha iko chumbani na wewe umekalishwa sebuleni, hiyo ni sawa na huna. Ukipiga simu mpaka msaada ufike wenzio wameshamaliza kazi. Halafu iliyo kwenye mkoba wake kiunoni mwako hakuna mtoto ataichukua bila wewe kujua, ya kuogopa ni ile watu wanaficha chini ya godoro au juu ya kabati. Mtoto mwambie ukweli, hii ni ya kazi ya baba haiguswi.

mama_wawili_Moshi

Kaka angu samahani nitaandika kirefu kidogo. Mjomba wetu alikuwa mtu makini sana, wa kukagua milango mara mbili kabla ya kulala. Jumapili moja tuko kwake hapa Moshi tumetoka kanisani, kakaa kwenye kochi anaifuta, magazini, kile kisanduku cha risasi, ameshaitoa kaiweka mezani pembeni ya chupa ya chai, kwa hiyo akilini mwake iko tupu. Lakini risasi moja ilikuwa imebaki chemba, ndani ya bastola nyuma ya mtutu. Ukitoa magazini ile ya chemba haitoki, mpaka uvute slaidi, kile chuma cha juu, nyuma iruke. Akabonyeza. Ikapita kwenye mlango wa mbao wa jikoni kama karatasi ikampata dada wa kazi pajani, alikuwa anamenya ndizi. Alipona tunamshukuru Mungu ila mguu haujarudi vile mpaka leo. Mpaka leo nakumbuka ile ndizi, bado ilikuwa mkononi mwake.

Bafuni unaiweka wapi ukioga? Siku moja utaisahau hapo juu ya ndoo ya maji na anayefuata kuingia ni huyo binti yako. Irudishe kwenye sefu, naomba.

mstaafu_Tengeru

Mdogo wangu, nimebeba silaha kazini zaidi ya miaka ishirini. Soma tena ulichoandika mwenyewe, jirani hakukamatwa kwa sababu ya sefu, alikamatwa getini. Angekuwa nayo kiunoni yuko ndani ya gari, mkanda umefungwa, watu wako dirishani, angeitoa saa ngapi? Na wangeiona wangemnyang'anya.

Weka nguvu getini. Taa ya nje iwake kabla hujafika, piga simu ukiwa kona ya mwisho ili geti lifunguliwe unapofika usisimame kupiga honi, na ukiona bodaboda imekufuata tangu barabara kuu pitiliza nenda penye watu. Sefu itoe chumbani kwenye kabati la nguo, ijengee ukutani pale unapokaa jioni, ya namba, ubadilishe betri kabla hazijaisha. Ukifika vua, toa magazini, vuta slaidi mara mbili, chungulia chemba na uingize kidole, ndio ufungie.

Na sheria uijue. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyofuata inakupa haki ya kujitetea ila kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Kibaka anayeruka ukuta anakimbia na kuku ukimpiga mgongoni, hapo wewe ndio mshtakiwa.

Meku_Kibosho

Mzee hiyo ya getini nakubali. Ila wakiruka ukuta je?

mstaafu_Tengeru

Wakiruka ukuta mbwa atabweka na mlango wa chuma utawachelewesha, hizo dakika ndio zako za kufungua sefu. Asiye na mbwa wala mlango aanze na hivyo.

babaT_njiro

Nimewasoma wote, asanteni sana. Mama wawili hiyo habari ya ndizi nimemsomea mke wangu, kasema kesho fundi aje. Ukuta wa sebule nyuma ya tivii kuna nafasi. Usiku huu iko kwenye sefu ya zamani, nimechungulia chemba mara tatu, na nimeenda kusukuma komeo la geti kwa mkono wangu. Mzee wa Tengeru naomba nije inbox unielekeze aina ya mbwa.