Kupima afya kazini Japani, hiyo bariamu ikoje?

mgeni_osaka: Wakuu nimeanza kazi huku juzi tu, kampuni imenipa fomu ya kupima afya eti lazima, naambiwa nisile kuanzia usiku halafu kuna kunywa bariamu, aliyepitia anielezee.

mzee_wa_bento: Usiogope, ni sheria ya huko, mwajiri lazima awapime kila mwaka. Bariamu ni kama uji wa chaki, unakunywa ili tumbo lionekane kwenye eksirei, kabla yake unapewa unga wa kujaza gesi tumboni na UNAKATAZWA kucheua 😂 huku kitanda cha eksirei kinakugeuza kama mshikaki. Ukimaliza meza vidonge vya kulainisha choo palepale na maji mengi, mi nilichelewa... tuyaache.

dadaTokyo: Miaka 40 mpaka 74 wanapima na kiuno, tangu 2008, mwanaume kiuno kikifika sentimita 85 na presha au sukari ikiwa juu unaitwa kushauriwa. Sisi wanawake 90.

mzee_wa_bento: Ndo maana wazee wao saa 12 na nusu asubuhi wako bustanini na rajio taiso, mazoezi ya redioni hayo, yapo toka 1928.

mgeni_osaka: Kitambi ninacho ila nina 36, kiuno nimepona kwa sasa. Hapo kwenye kucheua ndo pagumu 😅