Naomba ushauri: Hilux inakaa chini nyuma nikifunga tela, niweke mifuko ya hewa ya kusaidia springi?

Habari zenu wakuu. Nina Hilux double cabin, springi za nyuma ni za majani (vyuma bapa vilivyopangwa juu ya kingine). Msimu wa mavuno navuta tela la mashine ya kupukuchua mahindi kwenda Ismani, Iringa, jumla kama kilo 1,200. Nyuma ya gari napakia dumu za dizeli na vijana wawili.

Nikishafunga tela, nyuma inashuka. Jana nilipima kwa futi: sentimita 9 nyuma, na mbele imeinuka 3. Usukani unakuwa mwepesi, na usiku wenzangu wananiwashia taa nikidhani wananisalimia, kumbe zangu zinawapiga machoni.

Fundi mmoja anasema nifunge mifuko ya hewa kati ya chasisi na ekseli, mwingine anataka aongeze jani moja la springi. Najua mifuko haiongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba, na nimeona chasisi iliyopinda pale mfuko ulipokandamiza. Hilo linanitisha.

Au nianze kwa kusogeza mashine nyuma kidogo, uzito unaokaa kwenye ndoano ubaki kilo 120 hivi? Aliyewahi kufunga, hasa anayepita barabara za vumbi, mpira wa mifuko hiyo unadumu?