Naomba ushauri: cheti cha ufundi kwa kijana anayeondoka kituoni

Ndugu wanajumuiya, habari za kazi. Ninasaidia kulea vijana katika kituo cha watoto yatima hapa Iringa, na baadhi yao wanakaribia miaka 18, umri ambao kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 mtu huacha kuhesabiwa mtoto, ilhali hawana ndugu wa kuwapokea. Mmoja amejifunzia ushonaji kwa fundi wa mtaani hadi anakata sare za shule na kuweka kola bila kusimamiwa, lakini hana cheti. Kozi ndefu ya chuoni tuliiulizia, ada na vifaa vikatushinda. Je, utaratibu wa VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi nchini Tanzania) wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini unamfaa, na aandae nini? Na cherehani, ni vyema tumkabidhi moja kwa moja au kwa mkopo?